Siku ya Posho kwa Metresi Kapinga

Ninyi wenye umri wangu mliokulia kambi ya wafanyakazi Lubumbashi, mtanisamehe nikianza na harufu. Enzi zetu mji ulikuwa na harufu yake: moshi wa bomba kuu la kiwanda uliotuwasha koo upepo ulipogeuka, bukari, ugali wetu, ikisongwa nyumba hadi nyumba saa sita mchana, na mvua za kwanza zilipoleta inswa, kumbikumbi wale wanono tuliowakamata chini ya taa na kuwatia mdomoni wangali wakipigapiga mabawa. Saa hatukuwa nazo. King'ora cha kampani kilituamsha, kikawaita baba zetu kazini, kikawarudisha. Jumamosi tuliiita siku ya posho, kwa kuwa ndiyo siku kampani ilipowagawia wafanyakazi unga, maharage na mafuta, nasi watoto tulipanga mstari na mifuko tangu alfajiri, tukisukumana, tukila masuku, matunda ya porini, mpaka vidole vikanata. Watoto wetu wa leo ukiwatuma mkate hapo kona, wanauliza kama hakuna motari wa pikipiki wa kuuleta.

Lakini mimi siku ya posho niliipendea jambo jingine. Alasiri yake nilikwenda kwa Metresi Kapinga.

Alikuwa mwalimu wetu wa shule ya watoto wadogo pale kambini, mama mfupi mwenye sauti nzito kuliko mwili wake. Mume wake, Papa Mukendi, alichonga vyuma katika karakana moja na baba yangu. Wazazi wao walitoka mkoa wa mbali wa Kasai, lakini wao wenyewe walizaliwa Lubumbashi. Baba yangu ndiye aliyekuja ukubwani, kutoka Sakania, humo humo mkoani mwetu. Wakati huo sikumsikia mtu akiyahesabu mambo hayo.

Nilikuwa na miaka mitano siku alipoingia darasani amebeba tourne-disque yake, mashine ya kuchezea santuri, ile ya kufungwa kama sanduku la safari, aliyoachiwa na sista mmoja aliyerudi Ulaya. Alitandika mikeka, akatuambia tulale chali.

"Fungeni macho. Leo hatuimbe. Leo tunasikiliza tu."

Santuri ilizunguka, ikakwaruza kidogo, kisha vikatoka vinanda vingi kwa pamoja, vya nyuzi, vya kupuliza, vikipanda na kushuka. Tulingoja mwimbaji aanze. Hakuanza. Mwishowe mtoto mmoja akashindwa kuvumilia.

"Metresi, mwimbaji iko wapi? Alichelewa?"

Darasa zima likacheka, na yeye akacheka pamoja nasi. "Mwimbaji haiko. Sikilizeni, kisha mutaniambia iyi muziki inasema nini."

Tangu siku hiyo, kila wiki, tulilala kwenye mikeka na kusikiliza muziki ule wa zamani wa Wazungu, nasi tukauhamishia kwetu. Zeze ndogo zikikimbizana, tulisema ni bamama ku robinet, pale bombani, banagombania maji. Zeze kubwa, ile yenye sauti ya kifuani, ilikuwa papa anayerudi kutoka kazini amechoka, hataki kuulizwa kitu. Siku moja alicheza kipande cha polepole, chombo kimoja tu, na machozi yakanitoka bila mimi kujua sababu. Wenzangu walianza kunicheka.

"Muache alie," Metresi akawaambia. "Anasikia."

Nyumbani mama hakupendezwa. "Muziki bila maneno? Ile ni ya kuzika bafu." Baba akamjibu bila kuinua macho kwenye sahani, "Acha mutoto. Hata ndege ya mu muti haina maneno, na hauifukuzake."

Nilipopanda madarasa ya juu, Metresi aliniita mimi na wenzangu watatu twende kwake kila siku ya posho, kwenye baraza. Alitupatia munkoyo, kile kinywaji kitamu cha mahindi, kwenye vikombe vya bati, akacheza santuri mbili, kisha akatufundisha kuimba. Tulilala chini, akatuwekea kila mmoja kipande cha sabuni juu ya tumbo, tukiinue na kukishusha kwa pumzi. "Sauti haitoke mu koo," alisema. "Inatoka huku chini. Ikitoka huku, itafika fasi ya mbali na hautachoka." Aliniambia mimi nina sauti. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniambia nina kitu.

Kisha mambo yakaanza kuharibika. Posho ilipungua, halafu ikakoma. Mishahara ikakoma. King'ora kikalia siku moja na siku nyingine kikanyamaza, mpaka tukasahau kukingoja. Mjini askari walivunja maduka, na raia wakawafuata; tuliona majirani wakirudi na mlango wa friji usio na friji, viti vya ofisi, katoni za viatu vya mguu mmoja. Shule ikafungwa kwa kuwa walimu hawakulipwa. Metresi Kapinga alipita nyumba kwa nyumba na kuwaambia wazazi wetu, "Shule imefungwa, lakini masikio ya batoto haiyafungwa. Mubatume." Umeme ulipokuja alicheza santuri. Ulipokatika, alituimbia mwenyewe sehemu za vinanda, moja baada ya nyingine, akipiga mdundo kwenye paja lake.

Nilikuwa na miaka kumi wakati wakubwa wa siasa walipoanza kusema kwamba shida zetu zina kabila. Walisema redioni, kwenye mikutano, hata baada ya misa. Watu wa Kasai ndio waliokula kazi zetu. Kila muntu arudie kwabo. Waliwaita bilulu, wadudu. Vijana walianza kupita mitaani kwa makundi wakiimba wimbo wa kuwafukuza, nasi watoto tukawafuata nyuma, kama tulivyofuata kila kitu chenye ngoma. Wimbo ulikuwa na mdundo mzuri, hilo sitalificha. Niliushika kwa siku moja.

Siku walipofika kwenye barabara yetu, wakasimama mbele ya nyumba ya Metresi, mimi nilikuwa mstari wa mbele. Kijana mmoja alisema, "Huyu mutoto iko na sauti! Anzisha weye." Nikaanzisha. Nilivuta pumzi toka chini ya tumbo na sauti ikapaa juu ya sauti zote, na kundi likanijibu. Nilifurahi. Pazia likasogea, nikamwona amesimama ndani, mtoto mgongoni, ananitazama. Sikunyamaza. Niliendelea mpaka mwisho wa ubeti.

Kesho yake asubuhi Metresi na watu wa nyumbani mwake walitolewa nje. Mama alitaka kutoka, baba akasimama mlangoni. "Ukitoka, kesho ni siye." Tukakaa ndani tukisikiliza vitu vikivunjika, sauti ya Papa Mukendi ikiomba wamwachie walau magodoro. Tourne-disque ilichukuliwa na mtu nisiyemjua. Santuri walizigawana watoto, wakazitoboa, wakazifanya magurudumu ya vigari vya waya. Mnakumbuka vigari vile? Vilikuwa vizuri kuliko vyote, vyeusi, vinang'aa, vinazunguka bila kelele. Kaka yangu alikuwa nacho kimoja. Nilikisukuma na mimi.

Waliofukuzwa walipelekwa gare, kituo cha reli, kungoja treni za kuwapeleka Kasai, nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Treni hazikuja. Wiki zikapita, watu wakaishi pale chini ya mashuka na plastiki, mvua ikiwanyeshea. Siku moja baba akiwa hayupo, mama alinipa sahani ya bukari na samaki mkavu, ameifunika na kitambaa. "Peleka kwa Metresi. Na urudie na sahani."

Nilimkuta kwenye ukuta wa bohari, amekaa juu ya boksi. Mwanawe mdogo, wa miaka miwili, alilala kwenye mapaja yake, uso umejaa vipele vya surua. Papa Mukendi alikuwa ameenda kutafuta maji.

"Maman amewatumia hii," nikasema.

"Aksanti. Umuambie aksanti sana."

Nilibaki nimesimama. Alimgeuza mtoto upande wa pili, akampangusa jasho, kisha akasema, "Nilikusikia siku ile, Musonda."

Nilianza kukunja kile kitambaa cha sahani.

"Sauti ilitoka huku chini. Muzuri kabisa."

Hakusema kwa uchungu wala kwa kejeli. Alisema vile vile alivyotuambia barazani, kama mwalimu. Nilitaka kumwomba msamaha. Neno nilikuwa nalo mdomoni, lakini lililotoka lilikuwa jingine.

"Metresi, maman anasema nirudishe sahani."

Alikihamisha chakula kwenye kifuniko cha sufuria, akaifuta sahani kwa pindo la kitenge chake mpaka ikakauka, akanipa kwa mikono miwili.

Niliporudi baada ya siku tatu, ukuta ulikuwa na watu wengine. Metresi na watu wake walikuwa wamepanda behewa la mizigo lisilo na paa. Jirani yetu aliyefanya kazi relini alimwambia baba kwamba watoto wengi hawakufika, walizikwa kando ya njia ya reli. Habari za yule mdogo sikuzipata, wala za mama yake.

Sasa naishi mtaa wa Bel-Air, hapa hapa mjini, na wanangu wana muziki wa dunia nzima ndani ya simu. Nilijaribu kuwatandikia mkeka kama tulivyotandikiwa. Mvulana wangu alivumilia kidogo, kisha akauliza, "Maman, iyi itaanza lini?" Na kile kipande cha polepole nimekitafuta miaka yote. Metresi hakutuambia jina lake, na anayelijua alipanda lile behewa. Nimewahi kuiimbia simu kipande hicho ili initafutie jina, kama vijana wanavyofanya, ikaniletea mhubiri. Sisi tulikuwa na tourne-disque moja kwa kambi nzima, na tulinyamaza kuisikiliza. Hawa wana kila kitu, na hakuna wa kuwaambia wafunge macho. Ndivyo ninavyowaambia kila siku, mpaka wamechoka nami.

Juzi nilimsimulia binti yangu mkubwa haya yote niliyowaandikia. Ana miaka kumi na sita. Aliizima simu, jambo lisilotokea nyumbani kwetu. Aliniuliza kama mtoto alipona. Nikasema sijui. Aliniuliza kama niliomba msamaha. Nikasema hapana. Halafu akaniuliza kwa upole, kama mtu anayetaka kweli kujua:

"Sasa, maman, kwa nini munasemaka wakati yenu ndiyo ilikuwa muzuri?"

Tulikuwa tunachambua mboga za lengalenga za jioni. Nilivuta fungu jingine, nikaendelea kuchambua.