Maktaba Niliyoilaumu Bila Kuitumia

Mwanangu, iko siku moja naikumbuka kila nikikusikia ukikilaumu chuo chako kuanzia getini mpaka jikoni. Nilikuwa mwaka wa pili katika chuo kimoja cha huku chini ya Mlima Meru, tena mwakilishi wa darasa, cheo ambacho kilinipanda kichwani kidogo.

Ofisi ilileta fomu za kutuuliza kama tumeridhika: walimu, maktaba, bweni, chakula. Ilikuwa Ijumaa na wenzangu walitaka kuwahi gari la mjini. Wakaniambia, "Dada, si wewe mwakilishi? Tujazie." Nikazijaza zote peke yangu, "sijaridhika" juu mpaka chini, na penye maoni nikaandika vitabu vya maktaba ni vichakavu. Nilijiona shujaa, nakuambia.

Baada ya wiki mbili tangazo likabandikwa: maktaba itafungwa, kwa kuwa wanafunzi hawaitaki. Mkutubi wetu, Mzee Mbise, akaniita. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia marahaba taratibu, kisha akasema, "Binti, nimeziona fomu, mwandiko wote ni wako. Hebu niambie, ni kitabu kipi ulikiazima ukakikuta kichakavu?"

Mwanangu, sikuwahi kuazima hata kimoja. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia pale mbele ya meza yake. Niliona aibu mpaka machozi yakanitoka. Yeye hakufoka. Alisema tu, "Nenda kaseme ukweli ofisini. Mimi nitarudi shambani kwangu, lakini wadogo zenu watasomea wapi?"

Nikaenda, nikakiri. Uwakilishi nikanyang'anywa, na nilistahili. Safari hii kila mtu akajaza fomu yake, maktaba ikabaki. Tena fomu hizo zikaonyesha jambo lililokuwa likitutesa kweli: bweni la wasichana halikuwa na maji, tulikuwa tukishuka mtoni kuteka. Na mimi nililala bweni hilo hilo! Nilipolalamikia kila kitu, shida ya maji haikuonekana. Mwezi haukuisha, bomba likafika.

Kwa hiyo nakuusia: hakuna chuo kisicho na kasoro, wala sikwambii unyamaze. Lakini kitumie kwanza, ndipo ukitolee hukumu. Sema lako, usimsemee mwenzio. Na ukisema, taja kile kinachouma. Mungu akujalie ulimi wa kweli, mwanangu, na watu wa kuusikiliza. Amina.