Romani Hakuitika

Watu wa Makambako walimcheka Romani kwa jambo moja. Mtu ana nyumba ya tofali za kuchoma kule kijijini Yakobi, karibu na Njombe, ana mke, ana godoro na blanketi nzito, halafu anafunga hema kwenye pikipiki na kwenda kulala mlimani kwa hiari yake! Vijana wa stendi walisema amefukuzwa na mkewe. Wengine walisema anatafuta madini. Mimi nilisema ana wazimu, na nilimwambia usoni, naye akacheka, akanikaribisha twende wote.

Mimi ni dereva wa Fuso, jina langu Abdulsalam. Wazazi wangu walitoka Tabora wakafuata biashara ya nafaka Makambako, na mimi nimezaliwa humu humu kwenye upepo. Romani alikuwa fundi pikipiki. Banda lake lilikuwa nyuma ya gereji ninapolifanyia matengenezo gari langu. Mimi Mwislamu wa mjini, yeye Mkatoliki wa shamba, amekulia karibu na misheni akitumikia misa tangu hajaota ndevu. Urafiki wetu ulianza kwa ugomvi, kwa sababu alikataa kunirudishia pikipiki yangu. Breki zilikuwa zimekwisha na mimi nilikuwa na haraka. "Ukitaka kufa nenda kwa fundi mwingine," aliniambia bila kuinua kichwa, akaendelea kukaza nati. Nilimtukana matusi yote ninayoyajua. Alipomaliza aliosha mikono, akanipa ufunguo, akaniuliza kama nimekula.

Ndivyo alivyokuwa. Hasira yako ilikuwa haimkuti nyumbani.

Siku za kazi alilala Makambako, Jumamosi jioni akarudi Yakobi kwa mkewe, Teodora. Huyu shemeji yangu Teodora ni mama wa viazi na parachichi, mwembamba, ana kikohozi kidogo kisichoisha, na ni mwimbaji wa kwaya. Alikuwa amekubali kuolewa na fundi pikipiki lakini pikipiki yenyewe alikuwa haipandi. Dada yake, Flora, alifia kwenye ajali ya pikipiki wakiwa wasichana, na Teodora ndiye aliyemfunika kwa kanga pale barabarani. Tangu siku hiyo alitembea kwa miguu. Kutoka Yakobi hadi Njombe mjini, kwenda sokoni, kwenda misa, mvua au jua, kwa miguu. Uchungu wa kumzaa Angela ulipomshika, pikipiki ikiwa mlangoni imejaa mafuta, alikaa kwenye kigoda akasubiri pikapu ya jirani. "Pikipiki yako naiombea," alimwambia mumewe, "lakini siipandi." Mlima ndiyo usiseme. Hakujua hata njia ya kwenda Makete.

Ugonjwa huu wa kupenda milima Romani aliupatia kazini. Alikuwa akiitwa kutengeneza pikipiki zilizokwama huko juu, giza linamkuta, analala palepale. Wengine wangelaani. Yeye alirudi akatafuta hema kwenye mitumba, akapata moja la watoto lenye picha za sungura, miguu inabaki nje. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Baadaye alipata la watu wazima, na baada ya hapo tukawa tunakwenda pamoja kila nilipopata nafasi. Mlima wake hasa ulikuwa mmoja wa juu ya Bulongwa, huko Makete, ambako kukiwa kweupe unaliona Ziwa Nyasa huko chini, unatamani usishuke.

Usidhani alikuwa mtu wa kubahatisha. Alikuwa na masharti kuliko mama mkwe. Mzigo ufungwe chini, pande zote sawa, siyo kurundikwa nyuma kama gunia la mkaa, maana kwenye utelezi utakuvuta. Plagi ya akiba, tyubu ya akiba. Kabla ya kupanda tunapita kwa mwenyekiti wa kitongoji, tunamwambia tunalala wapi na tunashuka lini. Nguo kavu moja haiguswi mpaka wakati wa kulala. Ulanzi, ile pombe ya mianzi, marufuku mlimani, kwa sababu unakudanganya kwamba umepata joto. Na jiko la mkaa lisiingie hemani hata baridi ikiuma vipi. "Kwetu Njombe tunaingiza jiko chumbani tunalala, na wengine hawaamki," alisema. "Sasa hema, ambalo halina hata tundu?"

Na kila mtu awe na firimbi shingoni.

Sharti la firimbi lilikuwa na mkia wake. Siku moja nilipata pancha tukiwa kijijini, nikamwambia atangulie. Nilipopanda nikamfuata, ukungu ulikuwa umeshuka, sioni hata tairi la mbele. Niliacha pikipiki nikaita, "Romani! We Romani!" Kimya. Niliita mpaka nikaanza kuogopa. Nilipopuliza firimbi, huyo hapo, anajibu kwa kugonga sufuria, hatua chache tu kutoka niliposimama! Nilimrukia kwa maneno. Alikuwa anacheza na mimi au vipi?

"Nilijua uko chini kijijini," alisema. "Sauti ya mtu ambaye hayupo siifuati."

Akanieleza mambo ya bibi yake. Bibi alimwambia kwamba ukungu hauna sauti, huazima. Huazima ya mtu wako unayempenda, tena ambaye unajua hayupo, kwa sababu ya adui hutaifuata. Ukiitika unajikuta unatembea, na mbele yako kuna genge. Bibi alimjua mchungaji mmoja wa ng'ombe aliyekwenda hivyo. "Lakini firimbi haina mwenyewe," alisema. "Hiyo haiazimwi." Nilimtania kwamba kumbe ananipenda, maana ukungu umeazima sauti yangu. Alicheka. Lakini niliona kwamba jambo lenyewe halikuwa utani kwake. Kusali alisali, na la bibi alilishika vilevile.

Ilikuwa Julai, Julai hii iliyopita. Tulilala vizuri. Asubuhi Romani alivaa koti lake jekundu la mvua, akachukua dumu akaenda kuteka maji kijitoni. Ukungu ukashuka hajarudi. Sharti ni kwamba aliye hemani haondoki, basi nikakaa hapo nikapuliza firimbi mpaka midomo ikapasuka. Hakuna jibu. Ulipopungua kidogo nilishuka kwa mwenyekiti, akakusanya watu, tukalifuata bonde lote la kijito mpaka jioni. Hakuna.

Jioni hiyo nilimpigia simu Teodora. Aliuliza kama Romani amevaa sweta. Nikamwambia amevaa. Akakata simu.

Kesho yake ukungu haukuondoka. Sisi tulirudi bondeni na firimbi zetu. Sikujua kwamba Teodora alikuwa ameamka alfajiri akaenda kugonga kwa Edson, mdogo wake Romani, akamwambia, "Washa pikipiki." Edson aliniambia baadaye kwamba alimwuliza mara mbili, akidhani hajasikia vizuri. Shemeji alipanda. Kutoka Yakobi mpaka Makete mpaka Bulongwa, baridi ya Julai ikimpiga, alimshika Edson kiunoni, macho ameyafumba, anasali rozari. Walipofika hawakutukuta. Simu yangu haikuwa na mtandao bondeni. Wakapanda kwa upande wa juu, na mama huyo ambaye hajapanda kilima chochote ila cha shamba lake alifika mgongoni mwa mlima akaanza kumwita mumewe. Firimbi hawakuwa nayo, wala hakuna aliyewaambia habari za firimbi. Aliita mchana kutwa mpaka sauti ikakauka.

Siku ya tatu asubuhi kulikucha kweupe kabisa, kweupe kwa kuudhi. Mtu mmoja akaona koti jekundu chini ya genge, upande wa juu, siyo bondeni. Romani alikuwa amepotea njia ya kijito, akapanda badala ya kushuka, akateleza. Mfupa wa paja umevunjika, firimbi imempotea, dumu liko ubavuni mwake. Alikuwa hai. Edson alinionyesha jiwe ambalo shemeji alikuwa amelikalia jana yake akiita. Kutoka pale hadi alipolala Romani ungeweza kurusha kiazi kikamfikia.

Nilifikiri ameshindwa kusikia. Nilifikiri alikuwa amezimia.

Tulimpeleka hospitali, na waliompokea walifanya kila walichoweza, siwezi kuwasema kwa lolote. Lakini alikuwa amevuja damu ndani, na baridi ilikuwa imekwisha kumwingia. Mchana ule alipata nafuu kidogo. Teodora alikuwa ametoka kumtafutia uji. Romani akanivuta mkono.

"Ukungu ulinijaribu, Abdu," alisema. "Uliniita kwa sauti ya Teo. Teo kabisa, hata kile kikohozi chake. Nilikuwa na jiwe mkononi nigonge dumu. Nikasema, hapana. Ingekuwa wewe, au Edson, ningejua mmenifuata. Lakini Teo? Teo apande pikipiki? Teo afike huku? Nikaliweka jiwe chini. Nikaziba masikio nikasali mpaka iliponyamaza."

Alikuwa anatabasamu. Alikuwa anajisifu, yule mwanamume, kwamba ameshinda. Alidhani mkewe amefika hospitali kwa basi, kama watu.

Sikumwambia. Teodora akaingia na uji, akamnywesha, akamfuta mdomo, naye akamtazama vile alivyozoea kumtazama. Alifariki kesho yake. Waswahili husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Romani alilisikia la mkuu maisha yake yote, na guu likavunjika vilevile, na alilosikia ndilo lililommaliza. Nimekuwa na hasira na bibi wa watu ambaye sijamwona hata kwa picha.

Tulimzika Yakobi. Watu walipoanza kupungua msibani, Teodora alinifuata nilipokuwa nimesimama karibu na zizi.

"Shemeji, ulikaa naye. Alinisikia nilivyomwita?"

"Hakusikia," nilisema. "Upepo ulikuwa unakwenda kwingine."

Aliitikia kwa kichwa. "Sauti yangu ndogo," alisema. "Hata kwenye kwaya wananiweka mbele ili nisikike."

Nilirudi Makambako nikidhani nimefanya jambo jema. Wiki chache baadaye Angela alinipigia simu. Angela ni binti mkubwa sasa, amemaliza chuo cha ualimu, si mtu wa kulialia ovyo, lakini alikuwa analia. "Baba mdogo, njoo umwone mama. Kila jioni ananisimamisha kule chini mwisho wa parachichi, yeye anakaa juu, ananiita. Halafu ananiuliza kama nimesikia. Nikisema nimesikia, anasema nirudi nyuma zaidi."

Nilifika Jumapili baada ya misa. "Kamwene, shemeji," nilisalimu kwa Kibena changu kibovu ambacho Romani alikuwa akikicheka. Teodora akanipa kigoda. Alikuwa amekonda, na sauti imebaki ya kukwaruza. Akaanza mwenyewe, bila mimi kuuliza. Laiti angesogea mbele kidogo. Laiti angeita asubuhi kabla koo halijakauka. Mwanamke gani anashindwa kumfikishia mumewe sauti, na mume yuko palepale?

Nilishindwa kuvumilia. Nikasema yote. Nikamwambia habari za bibi, za jiwe na dumu, za kuziba masikio. Nikamwambia kwamba sauti yake ilifika, ilifika yote, mpaka kikohozi.

Nilidhani nimemtua mzigo. Nilikuwa hata naanza kupumua.

"Kwa hiyo alinijua," alisema.

"Alikujua, shemeji. Ndiyo maana. Asingekupenda hivyo, angeitika."

"Na kama angeitwa na mtu mwingine?"

Nilijifanya sikusikia. Akarudia swali, polepole, kama mtu anayemuuliza mtoto.

"Angeitika," nilisema.

"Hata Edson?"

"Hata Edson. Alisema mwenyewe."

Hakulia. Alitazama chini shambani, kule kwenye miparachichi, na aliposema tena nilisogea ili nimsikie.

"Edson alikuwa anaita," alisema. "Tulipoanza tu kupanda alianza kuita, kwa nguvu, ana sauti kubwa yule. Nikamwambia anyamaze. Nikamwambia, 'Wewe kaa kimya, Edson, niache niite mimi. Sauti yangu ndiyo anayoijua.'"