Mgongo wa Mwenyekiti

Fundi cherehani alikuwa na ulimi mkali, na kisiwani kwao hakuwahi kukosa wa kumsema. Marehemu mumewe alimwachia nyumba ya vyumba viwili na shemeji mmoja mpenda vikao. Nyumba ndiyo iliyokuwa na maana.

Wakubwa walipotangaza uwanja wa ndege, njia ya kurukia ikapangwa kupita juu ya jiko lake. Shemeji akajitwika uenyekiti wa kamati ya kupinga. Akapinga kwa kipaza sauti mpaka kuku wakakosa usingizi. Mpango wao ulikuwa mmoja tu. Maji yakitoka, bahari ikapwa, boti haifiki ufukweni, na wageni hubebwa mgongoni. Basi wapimaji wa ardhi wakija, asiwepo mtu wa kuwabeba.

Wakaja. Boti ikakwama mbali, kamati ikajipanga mchangani imenuna. Mkubwa wa wapimaji, kitambi mbele, viatu vinang'aa, akayatazama maji, akaitazama suruali yake.

"Shikamooni, wazee wangu!" akaita.

"Marahaba, mwanangu!" Mwenyekiti akageukia wenzake. "Kumbe ana adabu zake! Tutamwachaje mgeni majini?"

Akakunja suruali, akaingia, akainama. Mkubwa akapanda. Kamati nzima ikamfuata mbio, kila mmoja akigombea abebe chombo cha kupimia, na aliyekosa akabeba mwavuli.

Fundi aliyaona yote akiwa mlangoni. Hao ndio wanaume waliosema watamtetea! Hakuwa na pengine pa kwenda. Akaburuta cherehani mpaka katikati ya uwanja wa nyumba yake, akaketi, akaanza kushona shati la watu.

Mpimaji akasimamisha darubini yake, akachungulia, asione ila blauzi ya fundi. Akahamia kushoto, fundi naye akahamisha kiti. Wakazungushana hivyo mchana kutwa, kamati ikiwashikia wageni mwavuli.

"Shemeji, sogea kidogo tu," mwenyekiti akabembeleza. "Jua linazama, wageni hawataona kitu."

"Ndiyo maana nimekaa."

Mkubwa akafyonza, akaamuru vyombo vifungwe. Watarudi kesho, akasema, na askari.

Fundi akakata uzi kwa meno.

"Umesikia, shemeji? Nenda kalale mapema. Kesho kuna askari wa kubeba."