Kumbeba Mwaitu Polepole

Sikununua pikipiki kwa sababu niliipenda. Niliinunua kwa hasira, na hasira hiyo nilitiwa na vijana wa bodaboda wa Zombe, waliokuwa wamechoka kumbeba mama yangu. Mama alikuwa na kidonda cha sukari chini ya mguu wa kushoto, karibu na kidole gumba, na kila baada ya siku moja alitakiwa afike kwenye hospitali ndogo ya sokoni kisafishwe na kufungwa upya. Njia ya kutoka kwetu ni mawe na vumbi, na katikati kuna mto wa mchanga. Wale vijana walimbeba kama gunia la pojo. Mama akipiga kelele, wanaongeza mwendo ili wamfikishe upesi wapumzike, na mama anazidisha kelele. Mwishowe nikawa nikipiga simu, kila mmoja ana safari. Mmoja aliniambia yuko Kabati, na mimi namwona kwa macho yangu pale stejini, amejilaza juu ya tangi la pikipiki yake, simu sikioni.

Muuguzi alikuwa ametuambia wazi. Kidonda kikikaa bila kusafishwa, mguu utakatwa. Mama alimsikiliza kwa adabu, akashukuru, na tulipofika nyumbani akapanda kitandani na kuugeukia ukuta.

"Hiyo barabara itaniua kabla ya kidonda," alisema. "Wacha kioze. Mimi siendi tena."

"Mwaitu, watakukata mguu."

"Hawatanikata. Nitazikwa na miguu yangu yote miwili."

Mwaitu ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama, na siku hiyo nililiita jina hilo mpaka likanikauka mdomoni. Niliogopa sana. Baba alishatuacha, na kaka yangu, tuliozaliwa wawili tu, ana nyumba yake huko Wote, ana mke, ana kazi ya udereva. Katika boma lile nilibaki mimi, cherehani yangu na yeye. Niliona waziwazi kwamba barabara ikiendelea kumuumiza hatapanda tena chochote, na asipopanda mguu unakwenda, na mguu ukienda na yeye hayuko mbali. Basi nikaamua kwamba mimi ndiye nitakayembeba, polepole, hata kama sijawahi kushika usukani wa kitu chochote maishani.

Kaka alinitafutia pikipiki ya mtumba Wote na kuileta mwenyewe, vumbi hadi kwenye kope. Alikaa nami siku chache kunifundisha uwanjani, nyuma ya kanisa, wakati akina mama wa kwaya wakipita na kujifanya hawatazami.

"Unashika hiyo kitu kama unakamua ng'ombe," alinipigia kelele. "Legeza mikono! Ukikaza, kila jiwe linapanda mpaka shingo."

Ilikuwa kweli. Jioni nilikuwa siwezi kutia uzi kwenye sindano, vidole vimekufa ganzi kwa kukamata usukani. Nikazima injini mara sijui ngapi kwa kuachia klachi ghafla. Nikatazama gurudumu la mbele, na kila nilipolitazama lilinipeleka kwenye kichaka. Kaka akasema nitazame mbali, ninakotaka kwenda, na pikipiki itanifuata. Niliona ni upuuzi wa madereva hadi nilipojaribu. Breki ya mkono usiiguse mchangani. Kwenye mawe, shika klachi nusu, mguu wa kulia uwe tayari kwenye breki ya nyuma, upite kama mtu anayevuka chumba chenye mtoto aliyelala. Hayo nilijifunza, na kwa kujifunza peke yangu bila abiria nilijiona nimeiva.

Kumbe sijaiva. Safari ya kwanza na mama ilikuwa mbaya kuliko za wale vijana. Alilia kutoka nyumbani hadi sokoni, kilio cha chinichini, na mimi mbele nikiuma meno. Nilimwendesha polepole sana na bado kila shimo lilimpata. Nilipompigia kaka simu aliniuliza kama niliangalia shoki za nyuma, zile springi zinazomeza mtikiso. Mwenye pikipiki wa kwanza alikuwa mbeba maji, mitungi huku na huku, kwa hiyo alikuwa amekaza zile springi hadi mwisho zihimili uzito. Mama yangu alikuwa amebaki mifupa na kitenge. Chini yake shoki hizo zilikuwa vyuma tu, hazibonyei. Nilizilegeza kwa spana nikiwa nimepiga magoti vumbini, nikapunguza na upepo wa magurudumu kidogo, na safari iliyofuata kilio kilipungua. Nilipata tumaini, na tumaini lilinipa wazimu.

Maana nilienda nikakata sponji ya kiti cha zamani cha sebuleni, nikaishona juu ya siti ya nyuma, nene, laini, nikaivalisha kitambaa cha maua. Mimi ni fundi wa nguo, sponji naijua. Nilijisifu wiki nzima.

Ila kuna jambo ambalo sponji haikuweza kulitatua. Mama alikuwa anaketi upande. Kwetu mwanamke wa kanisa, tena mzee wa kwaya, hapanui miguu juu ya pikipiki. Anaketi miguu yote ikining'inia upande wa kushoto, amejifunga leso juu ya sketi, mkono mmoja kwenye keria, na heshima yake iko salama. Kukaa hivyo kunaivuta pikipiki upande mmoja, na dereva mgeni kama mimi anaendesha akiwa amejipinda kwenda upande wa pili kusawazisha, mgongo unamuuma hadi usiku. Mbaya zaidi, mguu mmoja tu ndio unaopata pa kukanyaga. Mwingine unaning'inia hewani ukipigapiga chuma, na kwake ulioning'inia ulikuwa ule mgonjwa.

Kaka alikuwa amemwambia kabla hajarudi Wote. "Mwaitu, panda kama wanaume. Mguu upate mahali."

"Wewe ndiye unataka mama yako achekwe?"

"Nani atacheka mgonjwa?"

"Watacheka," mama alisema, na hapo mazungumzo yakaisha.

Nilimwomba mimi. Nilimshonea suruali ya kuvaa chini ya sketi, kitambaa kizito cha kahawia, kiunoni lastiki. Hakuigusa. Nilimkasirikia kwa namna ambayo mtu humkasirikia mzazi, kimya, huku nikimpikia. Nilimwona anachagua sketi badala ya mguu. Baadaye ndipo nilipofikiri kwamba ugonjwa ulishamnyang'anya chai yenye sukari, na shamba, na kusimama kwaya nzima ikiimba, na kwamba ile namna ya kuketi ilikuwa moja ya vitu vichache alivyobaki navyo.

Mto ndio uliomwamulia. Asubuhi ile kulikuwa na wanawake wengi mtoni, punda wamesimama, watu wamechimba visima vya mchanga na kuchota maji kwa vibakuli. Niliingia mchangani vizuri, gia ya pili, sikugusa breki, natazama ng'ambo. Katikati gurudumu la nyuma likacheza kidogo. Kwa mtu aliyeketi sawasawa si kitu. Lakini mama alikuwa upande, juu ya ile sponji yangu nene ya maua, na sponji ikabonyea ikamteremsha. Nilihisi pikipiki imekuwa nyepesi. Nilipogeuka alikuwa chini mchangani, sketi na leso vimefika kifuani, na mto mzima unatazama.

Hakuumia. Mchanga ni laini. Wanawake walimkimbilia, wakamfunika, wakamwinua wakisema pole mwaitu, pole sana, na mmoja wao mdogo aligeuza uso upande wa punda mabega yakimtikisika. Mama alimwona. Mimi nilikuwa nimekaa mchangani kando ya pikipiki iliyolala, nalia kwa sauti, sijali. Nilijua nimemwua. Nilijua amepata sababu ya kutotoka kitandani tena hata mara moja.

Akanijia akichechemea, ameshikilia bega la mwanamke mwingine.

"Mwana wakwa, mwanangu, nyamaza," aliniambia. "Kama hata kuketi vizuri kumenivua nguo, basi afadhali hiyo suruali yako."

Tangu siku hiyo tukawa dereva na abiria. Sponji niliing'oa nikarudisha siti ngumu ya zamani, nikaongeza tu kitambaa kisichoteleza. Aliketi kama wanaume, suruali ya kahawia chini, sketi juu imekunjwa vizuri, miguu yote miwili imekanyaga, mikono yake imenizunguka tumboni. Pikipiki ikanyooka na mgongo wangu ukapona. Nilimfundisha tunapokaribia shimo nitaita, naye akaze magoti. Niliijua barabara ile kwa mawe yake: wapi pa kupita kushoto kwenye mkonge, wapi magari yametengeneza vituta vidogovidogo vinavyotetemesha meno, ambavyo inabidi upite pembeni kabisa karibu na miba. Watu walimcheka mama kanisani siku mbili tatu, kisha wakamzoea, kisha mmoja wao akaja kwangu kimyakimya kushonewa suruali ya kwake.

Na kilio kikaisha. Kwanza kilipungua hadi kuguna. Kisha akawa anaguna kwenye mawe ya mtoni tu. Nilikuwa nasikiliza mgongoni mwangu kuliko nilivyosikiliza injini. Kila safari niliyomfikisha bila sauti niliihesabu ushindi, na nilimpigia kaka simu nikimwambia kwa majivuno kwamba sasa mimi ndiye dereva katika familia hii.

Halafu ikaja asubuhi moja ambayo hakuguna popote. Nilipita mawe, nilipita mchanga, nilipanda ng'ambo yenye makorongo, kimya. Nikadhani amesinzia. Nilimwita.

"Niko," alijibu. "Leo sijasikia kitu. Saa hii unajua kuendesha kweli."

Niliimba. Ndani ya helmeti, peke yangu, niliimba wimbo wa kanisa hadi sokoni, na macho yalinijaa machozi ya furaha. Nilisema moyoni kwamba nimeuokoa ule mguu kwa mikono yangu na klachi.

Muuguzi wa zamu siku hiyo, si yule wa kwanza, alimlaza mama kitandani akafungua bandeji. Harufu ilitoka kabla kitambaa hakijaisha. Aliinama, akaanza kubonyeza kwa kidole chenye glavu, kuzunguka kidonda, kisha juu yake, kisha kwenye kifundo. Alichukua kitu chenye ncha kwenye sinia. Mama alikuwa ameegemea mto, anatazama dari, ametulia kama hajawahi kuugua.

"Unasikia nikigusa?" muuguzi aliuliza.

"Anza basi," mama akamwambia. "Mimi niko tayari."

Muuguzi alikuwa ameshaanza zamani. Alinitazama. Ncha ya kile kitu ilikuwa imeingia kwenye ngozi na tone la damu nyeusi limetoka pembeni.

Alinitoa nje hadi kwenye benchi. Alisema kidole kimekufa na nyama iliyo nyuma yake inakwenda, na mishipa ya kusikia maumivu mguuni haifanyi kazi tena. Kesho niende naye hospitali kubwa ya Kitui, nibebe nguo na mtu wa kuweka sahihi, kwa sababu watakata, na kwa anavyoona yeye hawataishia kwenye vidole.

"Njiani amekuwa akilalamika maumivu?" aliuliza.

"Hapana," nikasema, na sauti yangu bado ilikuwa na yale majivuno. "Siku hizi halalamiki kabisa."

"Tangu lini?"

Nilitazama pikipiki yangu iliyoegeshwa kwenye kivuli cha ukuta, siti yake ngumu, shoki zake zilizolegezwa, na nikatamani kuichoma moto. Muuguzi alisema si kosa la mtu, ni sukari, kidonda kilichelewa kabla hata sijaanza kumbeba. Huenda ni kweli. Aliniambia nimweleze mama nyumbani, taratibu, tukiwa wawili.

Nilimpandisha. Alikunja sketi yake vizuri, akakanyaga, akanizungushia mikono. Alikuwa na bandeji mpya nyeupe na moyo mkunjufu, ananieleza jinsi muuguzi wa leo alivyo na mkono mwepesi kuliko yule mwingine. Nilitoka sokoni bila kumwambia neno. Nilivuka mto. Nilipofika kwenye mawe nilikuwa najua njia ya pembeni, karibu na mkonge, lakini sikuipita. Nilishika katikati. Nilipanda jiwe la kwanza bila kushika klachi, likaturusha sote, na la pili nikalifuata makusudi, nikingoja alie.

"Asi!" mama alipiga kelele, akanigonga helmeti kwa kiganja. "Umesahau kuendesha? Unataka kunivunja mgongo?"

"Na mguu, mwaitu? Mguu umesikia?"

"Mguu hauna shida. Huo umenyamaza siku nyingi. Angalia barabara."

Niliitazama barabara, machozi yamenizuia kuiona vizuri, nikatafuta jiwe lingine.