Kuki Marufuku

Mwishoni mwa miaka ya tisini, duka la intaneti tulilolitegemea Kisumu liliendeshwa na bwana mmoja aliyesoma kozi fupi ya kompyuta Nairobi, akarudi na kiburi cha daktari bingwa. Ukutani alibandika karatasi: KUKI MARUFUKU. Mama mmoja kutoka Katito aliisoma akaficha mandazi yake mkobani. Bwana yule alicheka mpaka akakohoa, kisha akamfafanulia kwamba kuki ni alama ambazo tovuti huacha ndani ya kompyuta ili ikutambue ukirudi.

"Hizo makuki ni spy, Mama. Nimefunga yote. Na script pia nimeua. Kikulacho ki nguoni mwako!"

Mpumbavu yule alikuwa amefunga na barua pepe zetu. Unaandika jina, unaandika neno la siri, unabonyeza, ukurasa unakurudisha ulikotoka. Vitufe vingine, bila hizo script za kuviendesha, vilikuwa mapambo tu. Tulilipia kutazama mlango uliofungwa, naye akataka tumshukuru kwa kutulinda.

Dada yangu hakuja kushukuru. Mumewe alikwenda kusoma ng'ambo, barua zikakatika, kisha akapiga simu: ameeleza yote kwa barua pepe. Dada alitaka kujua jambo moja tu, kama bado ana mume. Alijaribu mpaka machozi yakamlenga. Nikamwomba mwenye duka amfungulie kuki kidogo.

"Siwezi, bwana. Security. Lakini mashine yangu iko sawa. Mlete hapa."

Mashine yake, bila shaka, ilikubali kuki zote za dunia. Alimkalisha dada kwenye stuli, akasimama nyuma yake, mikono kiunoni, eti asaidie kukiwa na shida. Nilimwambia asogee. Alisogea miguu, macho yakabaki kwenye kioo. Nimekutana na wambea wengi, lakini wambea wa kawaida hawajiiti walinzi. Dada alisoma kimya, akafunga, tukatoka. Njiani aliniambia kwamba mumewe ameoa huko, na kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayemwambia mama yetu, siku akipata nguvu.

Kesho yake asubuhi wanawake wa mtaa wetu wa Migosi walijaa uani kwetu, mke wa mwenye duka akiwa mbele.

"Nyaminwa, dada yetu, pole sana," alimwambia dada kwa sauti. "Wanaume ni hivyo tu."

Mama, aliyekuwa akichambua mboga mlangoni, aliinua kichwa.

"Pole ya nini?" akauliza.