Kilemba Ndani ya Helmeti

Siku ile nnaikumbuka kwa mchanga. Ulinijaa mdomoni, nikataka kuutema nisiweze. Nimelala kifudifudi uwanjani, mkono wangu wa kulia nauona uko mbele ya macho, nauamrisha uje unifute uso, hauji. Mwanangu, Mungu asikuoneshe mkono wako ukalala kama wa maiti.

"Inuka bwana, wacha kudeka!" Huyo Hilali, nahodha wetu.

"Bibi harusi kachoka," akasema mwengine, wakacheka. Na miye nataka kupiga kelele, pumzi haitoshi.

Sasa nikurejeshe nyuma. Tulikuwa vijana wa Sib, huku Omani, wengi wetu watoto wa watu wa Unguja, tukicheza mpira wa Kimarekani, ule wa mfano wa yai, watu wanapamiana kifua kwa kifua. Aliyetufunza ni Nasoro. Alisoma ng'ambo, akaucheza shuleni huko. Miye shule niliiacha darasa la nane, basi asemalo Nasoro kwangu lilikuwa kama fatwa. Vifaa vyetu vikuukuu, aliviacha mgeni mmoja alipohama, na helmeti hazikututosha. Atokaye huivua yake akamvisha aingiaye, jasho kwa jasho.

Alasiri ile nikapewa ya mtu mwenye kichwa kama dafu. Ikawa inanizunguka tu. Nikamwambia Nasoro, "Hii kubwa, naogopa." Hata hakunitazama. Hilali akavua kilemba chake, akakikunja, akakishindilia ndani ya helmeti.

"Haya, vaa. Babu zako walikwenda vitani na kilemba kitupu, hawakulia."

Watu wakacheka. Na miye nikacheka, mwanangu, na hilo ndilo kosa langu. Khofu ilishaniingia, lakini niliona haya kuogopa kuliko nilivyoogopa kuvunjika.

Hatukucheza sana. Kilemba kikateleza, kikanifunika jicho moja. Nikainamisha kichwa, nikamvaa mtu kwa utosi. Ndani ya shingo nikasikia ka! kama kijiti kikavu.

Walipochoka kunicheka, Nasoro akasema nikalishwe kitako. Hilali akaishika helmeti kwa mikono miwili, akaivuta. Miaka baadaye daktari mmoja aliniambia mtu aliyeumia shingo namna ile haguswi, huachwa alivyo mpaka waje wenye kazi yao. Nasoro na kusoma kwake kote hakulijua hilo? Au alilijua?

Hospitali, Hilali akamkabili baba yangu, kilemba kesha kukifunga vizuri kichwani. "Ami, ameteleza ngazini." Baba akamshika mikono, akamshukuru kwa kunileta. Nasoro yuko kando, anatazama viatu vyake. Na nilipopata sauti, nilipoulizwa, miye mwenyewe nikajibu: ndiyo, ngazini. Niliogopa kuwaumbua. Wazee husema mficha maradhi kifo humuumbua. Miye sikufa, lakini nimeumbuka.

Miguu ilirudi, alhamdulillahi. Mkono wa kulia haukurudi wote. Tonge haulifikishi kinywani. Kwenye sinia la harusi siketi, maana kula kwa kushoto mbele za watu siwezi. Hula jikoni peke yangu, kwa kijiko. Na mpaka leo nikiinama kuvaa kiatu, nangoja kuisikia ile ka.

Basi sikiliza, mwanangu. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Wacha wakucheke, nawe uruke. Kifaa kisichokukaa kikatae, hata akupe aliyesoma. Mwenzio akianguka akawa hajiwezi, usimwinue, mwite mwenye ujuzi. Na mbele ya daktari usimsitiri mtu kwa shingo yako. Mungu akulindie viungo vyako, uzeeke navyo vyote.

Lakini nyinyi, Hilali na Nasoro, msidhani nimemaliza. Hilali, nasikia sasa unafunza watoto wa watu mpira ule ule kule Al Amerat. Baba yangu amekufa akikuombea dua kila Ijumaa, akidhani wewe ndiye uliyeniokoa. Mama yu hai, na nyumba mnaijua. Nendeni mkakae mbele yake, mumwambie nani alinivisha, nani alinivuta, na hiyo ngazi iko wapi.