Mguu Ambao Haukurudishwa Chini

Saa tatu asubuhi, Mama Vifundo anaomba mguu.

Haombi kwa mzaha. Amepiga magoti mbele ya mpishi wa hoteli, mwanamke mnene aliyekuwa amesimama jikoni tangu alfajiri, na ametandaza taulo mapajani. "Naomba mguu," anasema. Mpishi, ambaye ameshazoea, anajibu, "Chukua," na ndipo kisigino kinapotua kiganjani.

Chumba ni kidogo, kando ya ngazi za jengo la ghorofa. Kuna kiti cha plastiki, jiko la mafuta ya taa na kisufuria cha mafuta ya ufuta yanayopashwa moto. Kibao cha mlangoni, kwa herufi za buluu zilizoanza kupauka, kinasema: KUKANDA VIFUNDO VYA MIGUU. Basi. Mgongo hashiki, shingo hashiki.

"Mwenye mgongo aende kwa watu wa migongo," anasema, akicheka. "Mimi vifundo vimenitosha."

Dole gumba lake linazunguka mfupa, linatafuta kishimo kilicho kati ya mfupa na mshipa, linazama. Mpishi anashusha pumzi ndefu. Huu ni ukandaji wa Ayurveda, tiba ya kale ya Bara Hindi, unaobonyeza sehemu maalumu za mwili ziitwazo marma. Mama Vifundo, mwenye umri wa miaka hamsini na mitatu, alifundishwa na muuguzi mstaafu, bibi mkali aliyemkandisha kifundo kimoja tu, cha bibi mwenyewe, kwa miezi minne kabla ya kumruhusu kugusa cha mtu mwingine.

"Alikuwa ananiambia, mguu wa mtu ni kitu cha kuazima. Uombe kabla hujauchukua. Ukimaliza, urudishe ulikoutoa."

Kwa hiyo kila akimaliza huushusha mguu kwa mikono miwili, polepole, mpaka unyayo uguse sakafu, kisha husema, "Umeruhusiwa." Wateja wapya hucheka. Wakija mara ya tatu hawacheki tena, wala hawainuki kabla hawajalisikia neno hilo. Katika miaka kumi na minane ya kazi, kwa watu sita hadi wanane kwa siku, amesahau kulisema mara moja tu.

Mpishi anaondoka. Mama Vifundo anafuta mikono, anatazama dari. Juu ya dari hiyo ndiko anakoishi na mumewe.

"Sikiliza," anasema. Magongo mawili yanagonga, kisha mguu mmoja unatua. Yanagonga tena. Uso wake unalegea. "Huyo ni yeye. Anakwenda dirishani."

Mumewe ni fundi rangi, na ndiye aliyekichora kile kibao. Miezi tisa iliyopita jukwaa la mbao lilikatika akiwa juu yake. Kifundo cha mguu wa kushoto kilipinda kwa ndani na kuvunjika, kidonda kikaoza, madaktari wakaukata mguu chini ya goti. Alipotoka hospitali, rafiki zake wawili walimpandisha mgongoni kwa zamu, ngazi ishirini na mbili. Hajashuka tangu siku hiyo.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Kigutu kilipona, ila kifundo ambacho hakikuwapo kiliendelea kuuma, kimepinda vilevile kama siku ile ya jukwaa. Daktari aliwaeleza kwamba jambo hilo huwapata wengi, kwamba ubongo hausahau mguu upesi. Lakini fundi wa miguu bandia alipokuja kupima, mgonjwa alikataa kabisa.

"Nitauvaa vipi?" aliuliza. "Huu mwingine umekaa upande. Utapita wapi?"

Mkewe aliona mambo yalikoelekea. Bila mguu wa bandia hashuki ngazi, na asiposhuka atazeekea dirishani. Kila jioni mumewe alimsihi, "Mama, si kazi yako hii? Ninyooshee." Na kila jioni alijidai ana vyombo vya kuosha.

"Mganga hajigangi, ndivyo nilivyokuwa nikijitetea," anasema. "Uongo. Niliogopa. Watu baki nawakanda, mume wangu namkwepa! Lakini ningeshika nini?"

Wiki tatu zilizopita, Jumamosi saa saba mchana, aliona aibu imezidi woga. Alimfunga mumewe kitambaa machoni, akapiga magoti, akafungua kiganja chini ya hewa tupu. "Naomba mguu." Mumewe akasema, "Chukua."

"Kiganja kikapata joto," anasimulia. "Joto la kisigino, mimi nalijua. Nikapeleka dole gumba mahali pake. Akasema, hapo, hapohapo. Nikamjaribu, nikasogea vidole viwili bila kusema. Akaniambia, mama, umepotea."

Baada ya nusu saa fundi rangi alikuwa analia. Kifundo kilikuwa kimenyooka kidogo, baada ya miezi yote ile. Mkewe naye alilia, akamkumbatia, kisha akateremka mbio kwa sababu mteja alikuwa anabisha mlango.

Aliporudi saa kumi na moja na nusu jioni, alimkuta kwenye kiti kilekile. Chai imepoa. Jasho linamtiririka, paja la kushoto linatetemeka.

"Umeniacha hewani," alimwambia. "Kwa saa nne mguu unaning'inia. Siwezi kuinuka."

Mkewe hakuwa ameushusha. Macho yake yalimwambia hapakuwa na cha kushusha, naye akayaamini. Alipiga magoti, akaurudisha chini kwa mikono miwili, akalisema lile neno. Papo hapo mumewe akaweza kusimama.

Lakini tangu jioni hiyo, akiwa kazini, Mama Vifundo husikia kishindo kingine darini. Hakina gongo. Ni mguu mtupu, taratibu: hatua, kimya cha urefu wa hatua, hatua tena. Mwanzoni alikuwa akipanda mbio. Kila mara alimkuta mumewe kitini au usingizini, magongo yameegemea ukuta.

"Kwa saa nne ule mguu uliazimwa ukaachwa," anasema kwa sauti ya chini. "Sijui ulizoea nini."

Juu, fundi rangi anampokea mwandishi wa habari hii kwa utani. "Si vibaya, nusu yangu inafanya mazoezi." Kisha utani unamwishia. "Ila nikwambie kitu. Saa ambazo yeye anasikia hivyo vishindo, mimi kifundo hakiniumi kabisa. Nakitafuta kwa akili, sikipati."

Amekaa kitini anaposema hivyo. Mwandishi naye amekaa. Kutoka chini, kupitia sakafu, sauti ya Mama Vifundo inapanda: "Baba! Unatembea?"

"Nimekaa!" anajibu mumewe, na anaikunja suruali yake juu ya goti bila sababu.

Sasa anakandwa kila siku, na kila siku mguu unarudishwa chini. Kifundo kimekaribia kunyooka. Alhamisi fundi wa miguu bandia atarudi, na safari hii amekubaliwa. Kabla mikanda haijafungwa, Mama Vifundo atauomba mguu, atauingiza mwenyewe ndani ya ule wa bandia. "Atacheka huyo fundi. Acheke."

Mumewe amepania kushuka ngazi zote peke yake, akalie kiti cha wateja kama mtu yeyote, kisha achovye brashi na kukirudishia kibao buluu yake. Mkewe hatamshika mkono. Atakaa chini, mlango wazi, akisikiliza.

"Nataka nisikie wa kulia, wa kushoto, wa kulia, wa kushoto, mpaka mlangoni. Miwili tu. Hiyo ndiyo dua yangu."

Na akisikia wa tatu, unafuata nyuma? mwandishi anamuuliza.

Anachukua taulo, analikung'uta, analitandaza mapajani.

"Nitapiga magoti niuombe," anasema. "Huo nao ni mguu wa mume wangu."